Sikio la Kushoto na Dawati la Nyuma

Harufu ya majani ya kitunguu yakipashwa motoni hunifanya niguse sikio langu la kushoto, hata leo. Mwaka ule nilikuwa darasa la tano hapa Malaba, na sikio hilo lilitoa usaha tangu mvua za masika hadi mahindi yakakauka shambani. Mama, aliyewauzia uji madereva wa malori, alinikamulia maji ya majani hayo sikioni kila jioni, kisha akaziba kwa pamba. Simlaumu. Ndivyo alivyotibiwa yeye, akapona.

Shuleni tulikaa kwa alama. Kila baada ya mtihani tulibeba mikoba na kupangwa upya: wa kwanza mbele, wa mwisho nyuma kabisa, upande wa barabara yenye honi za malori. Nilianza mwaka nikiwa mbele. Nikakosa kusikia imla, nikasogezwa nyuma. Huko nyuma nikakosa zaidi. Sikusema, kwa aibu. Mficha maradhi kilio humfichua. Jirani yangu Barasa ndiye aliyepiga kelele nzi walipozunguka sikio langu: "Mwalimu, nzi wa Amoit nao waitwe majina, wanakuja kila siku!" Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, sijui kwa nini.

Muhula wa mwisho mwalimu akamwita mama. "Huyu atarudia darasa, mama. Hashiki kitu."

"Sawa, mwalimu," mama akasema, "lakini muulize ukisimama upande huu. Nyumbani nikimwita kwa kule, naongea na ukuta."

Mwalimu akahamia kulia kwangu, akauliza maswali kwa sauti ya kawaida. Nikajibu karibu yote. Hesabu za sehemu nilikosa, na hilo si kosa la sikio. Akauchukua mkoba wangu mwenyewe, akaupeleka dawati la mbele. Sikurudia darasa. Kliniki walitupatia dawa, wakakataza majani. Usaha ukakauka, ila usikivu haukurudi wote. Kama ningefika mbali zaidi kimasomo nikiwa mzima, siwezi kuapa.

Juzi mwalimu wa binti yangu alinitumia ujumbe kwamba mtoto hashiki kitu. Sikumgombeza. Nilisimama nyuma yake akiosha vyombo, nikamwita polepole, kushoto, halafu kulia.

"Nini tena, mama? Nimesikia mara zote mbili!"

Nikashukuru Mungu. Kisha nikamwambia alete kitabu cha hesabu.