Waya Usiovutwa

Katika karakana ile ndogo ya redio na tochi, sheria ilikuwa moja: waya uliolehemiwa hautoki mlangoni kabla haujavutwa kwa koleo. Mvutaji alikuwa fundi mwenyewe, mama mnene mwenye ulimi mkali, na hakumwonea mtu haya. Hata nyaya alizolehemu yeye alizivuta. Ukichomoka wa mwingine, husema, "Huu umebandikwa kwa mate!"

Basi siku mumewe alipolehemu waya wake wa kwanza kwenye kibati cha betri, fundi akautazama tu, akasema, "Umejitahidi, baba," kisha akauweka kando bila kuuvuta. Mzee wa watu aliumia kuliko kama angetukanwa.

Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori, mtu wa milima na utani, hadi kiharusi kilipompitia na kuuacha mkono wa kulia ukitetemeka. Nyumbani alishageuzwa yai. Chai alipozewa, vifungo vya shati alifungiwa. Karakanani alikuja kutafuta kazi, naye akaona huruma imemfuata hadi huko. Hakukubali.

"Usipashe risasi ya kulehemia, pasha chuma," mkewe alikuwa amemfundisha. "Chuma kikishika moto, risasi itakifuata yenyewe." Hilo alilielewa. Alisugua kibati kwa msasa hadi kikang'aa, akakigusisha ncha ya pasi ya kulehemu, na risasi ikatambaa bila kusukumwa. Balaa lilikuja mwishoni, pale waya unapotakiwa utulie hadi risasi igande. Mkono ulicheza, risasi ikaganda na chembechembe, imepauka kama jivu. Waya huo uliowekwa kando aliuvuta mwenyewe kwa vidole, ukatoka.

Akakaa akiufokea mkono kimoyomoyo. Kisha akakumbuka: lori lenye breki mbovu likisimama mlimani, hulizuii kwa kifua, unaliwekea jiwe. Akatoka uani, akarudi na vibanio viwili vya nguo.

"Na nguo zangu?" fundi akauliza.

"Zimepumzika chini."

Akabana kibati na waya kwenye kipande cha ubao. Akapasha, akalisha risasi, akaondoa pasi, halafu akauficha mkono mgongoni usije ukaharibu. Risasi ikaganda iking'aa.

"Vuta," akasema.

"Aa, baba, nimeona, ni safi."

"Vuta, fundi. Kama unavyovuta za wengine."

Hakuwa amewahi kumwita fundi. Mama akamtazama, akachukua koleo, akaegemeza goti kwenye meza, akavuta hadi bangili zikalia. Waya haukutoka. Ubao mzima ndio uliomfuata, nusura umpige kidevu.

Akautupia kwenye sinia la kazi za wateja.

"Risasi umeimwaga kana kwamba inatoka bombani," akafoka. "Lete mwingine! Na kwanza kanianikie nguo zangu!"

Tangu augue, hakuna aliyekuwa amemfokea. Alizianika zote, shati kwa shati, akipiga mluzi.