Mbwa Aliyemeza Dawa za Mama

Nyumbani kwetu Shangani, Mtwara, mbwa alikuwa mlinzi wa korosho. Alilala nje, akala kwenye sufuria iliyotoboka, na hakuna aliyemgusa. Mate yake yakikupata unaosha mara saba, moja kwa udongo, na mama alikuwa anahesabu kwa sauti. Dini ilisema tuoshe. Kutomtazama kabisa tulijiongezea wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili akaanza kunenepa. Tukajiona matajiri: hata mbwa wetu ana kitambi! Kisha akawa anaburuta miguu ya nyuma mpaka kucha zikasagika. Ngazi moja tu ya barazani aliifikiria kama mwanamume anayefikiria mke wa pili. Saa saba mchana, watu wote tumekimbilia kivulini, yeye analala juani akitetemeka. Wezi wakaja wakabeba gunia la korosho, naye akawatazama tu. Nilimwambia kila mtu kwamba sijapata kuona mbwa mvivu kama yule.

Halafu uso ukalegea upande mmoja, mate yakachuruzika, na kubweka kukawa kama kukohoa. Mtaa mzima ukatoa hukumu: kichaa cha mbwa, auawe. Mimi, msomi wa nyumba kwa sababu nilifika kidato cha nne, ndiye niliyekwenda ofisi ya mifugo kuomba mtu wa bunduki.

Bwana mifugo alikuja nayo begani. Majirani wakajaa ukutani, ungedhani ni fainali.

"Ameanza lini?" akaniuliza.

"Huo uso, kabla ya Ramadhani. Miguu, zamani zaidi."

"Na Idi imeshapita. Mbwa mwenye kichaa hamalizi wiki mbili, bwana. Huyu kafunga mwezi mzima na pilau kala."

Akaegesha bunduki, akavaa glavu, akamshika. Nadhani mbwa yule hakuwa ameshikwa tangu azaliwe, alifumba macho. Bwana mifugo akabonyeza mapaja, akasema chini ya mafuta misuli imekwisha. Akaukunja wayo wa mguu wa nyuma, mbwa akauacha vilevile umekunjika, kama si wake. Akatueleza kwamba kuna tezi shingoni, ikizembea mwili wote unapoa, misuli inanyong'onyea na mishipa ya fahamu inaacha kupeleka habari, ya miguu, ya uso, hata ya koo. Kipimo hapa Mtwara hakuna, alisema, tujaribu dawa.

Mama alikuwa mlangoni. "Tezi hii hii yangu?"

"Hiyo hiyo, mama. Na vidonge ni hivyo hivyo, ila mbwa anahitaji vingi kukuzidi."

"Mbwa anizidi dozi? Astaghfirullah!" Lakini aliingia ndani, akarudi na kopo lake la vidonge, akaniwekea vya kuanzia kwenye kijiko. Majirani wakaondoka wamenuna, wamenyimwa risasi yao.

Nikawa namfichia vidonge ndani ya tonge la ugali wa muhogo. Zilipita wiki nyingi. Miguu ndiyo iliyotangulia, kisha sauti. Uso ulibaki umepinda kidogo, kama wa mtu anayekudharau. Asubuhi moja akamtimua mbuzi wa jirani mpaka ufukweni. Nilifurahi hadi machozi. Nikakimbilia kwa mama, aliyekuwa anachambua mchele.

"Unaona, mama? Maskini, hakuwa mvivu. Alikuwa mgonjwa!"

Hakuinua kichwa. "Na mimi je?"

"Wewe vipi?"

"Kabla sijapewa vidonge. Miaka miwili miguu mizito, vikombe vinaniponyoka, nalala jua limepanda. Baba yako alisema nimekuwa mvivu. Nawe ulicheka."

Nilicheka, kweli. Nakumbuka hata nilipokuwa nimekaa.

"Hukuwa mvivu, mama," nikasema.

Akapepeta mchele mara mbili tatu, makapi yakaruka. "Haya," akasema. "Niletee maji, sijameza dawa."