Kiwanda cha magari kilimwacha, yeye hakumwacha fundi wake

Saa saba mchana jua la Lodwar halina mzaha, lakini Rispa Wandera amelala chini ya lori, mgongo juu ya gunia, spana mkononi. Kinachoonekana ni miguu tu. Mama huyu hatoki chini ya gari kwa ajili ya salamu.

"Ejok, Mama," mpita njia anamwamkia kwa Kiturkana.

"Ejok. Nisukumie hiyo jeki," anajibu, na mpita njia anajikuta kazini.

Gereji hii ya mtaa wa Kanamkemer haina ukuta wala bango. Ina mafundi saba, Rispa akiwemo, mashine moja ya kuchomelea, na sifa iliyofika hadi Kakuma.

Rispa, 54, mzaliwa wa Busia, alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda kimoja cha kuunganisha magari mjini Thika. Alianza kwa kufagia, akaishia kuchomelea bodi za malori, na wenzake wakamchagua awawakilishe katika chama cha wafanyakazi.

"Lori likipita barabarani, nilijua kama limetoka mkononi mwangu," anasema, wala hafichi kwamba anajivunia.

Kisha magari yaliyotumika ng'ambo yakajaa sokoni na oda za kiwanda zikapungua. Wakubwa wakaanza kuwaita wafanyakazi ofisini mmoja mmoja: toka kwenye chama ubaki kama kibarua, au nenda nyumbani.

"Tukiwa pamoja walituogopa. Lakini ule mlango ulipitisha mtu mmoja tu," anasema Rispa. Yeye alikataa, akaenda. Waliokubali nao waliachishwa mwaka uliofuata. Umoja ni nguvu, kila mtu huimba siku ya mshahara. Siku ya vitisho sauti hupungua.

Mwaka 2010 alimfuata binamu yake Lodwar, akaanzisha gereji. Alikuja na desturi moja ya kiwandani: nati ikishakazwa hupakwa tone la rangi, na kila fundi ana rangi yake. Ya kijani ni ya Ekeno Amuria, 33, aliyeingia ufundi baada ya ukame kummalizia mbuzi huko Lopur.

Rangi hiyo nusura iivunje gereji. Machi mwaka huu, lori la Kamande, mfanyabiashara anayepeleka vyakula Kakuma, lilichomoka gurudumu njiani. Hakuna aliyeumia, ila mahindi yalimwagika. Nati zilizosalia zilikuwa za kijani, na zilikuwa zimelegea.

Ekeno hakukana. "Kwetu mbuzi akiingia kwa zizi, anatiwa alama kwanza. Halafu ndio unamtunza," anaeleza. "Nilipaka rangi kusema hii gurudumu ni yangu. Kabla sijakaza nikaitwa kushika springi kwa lori ingine. Nikasahau."

Aliyemwita ni Rispa. Alipoona rangi, aliamini kazi imekwisha, akaliruhusu lori liondoke. Hakuwahi kumwambia Ekeno kwamba rangi huja mwisho. Kwake lilikuwa jambo lisilohitaji kusemwa.

Kamande alimwita Rispa dukani kwake Kakuma. Walikwenda mafundi wote saba.

"Mama, nilikuita wewe peke yako," Kamande akasema.

"Mzee, sisi tunaingia hivi," Rispa akajibu. Akaeleza kosa lilivyotokea, lake likiwemo, na wakaahidi kulitengeneza lori bure.

Kamande hakutaka hayo. Ekeno afukuzwe, au malori yake yote matano yahamie gereji nyingine. Rispa akawatazama wenzake. Hakuna aliyesogea mlangoni, na malori yakahama.

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa michungu. Fundi aliyezoea kurudi nyumbani na shilingi elfu moja kwa siku alirudi na mia tatu, na siku nyingine mikono mitupu. Mzigo mzito zaidi ulikuwa kwa Ekeno mwenyewe.

"Nilisema niende Lopur, nisiharibie watu kazi," anasema. "Mama akaninyang'anya begi. Akakalia."

"Nililikalia kweli, na lilikuwa na sufuria ndani," Rispa anacheka.

Wiki iliyopita malori ya Kamande yalirudi. Tulipomuuliza sababu, mfanyabiashara huyo alikuna kidevu kwanza. "Kule nilikoenda, gari likiharibika kila fundi anaonyesha mwenzake kidole. Hawa walikuja saba kukubali kosa moja. Nitawapata wapi wengine kama hao?"

Alipoleta lori la kwanza, aliuliza nani atafunga magurudumu. Rispa akamwita Ekeno. Kamande akampa ufunguo.

Sasa hakuna rangi inayopakwa kabla fundi wa pili hajaijaribu nati kwa spana yake. Kikundi kimeanza kutafuta usajili, na Rispa ana mpango wa kuunda bodi nzima ya lori hapa hapa Lodwar, kuanzia chuma kitupu. Anazungumza juu yake kama mama anayemsubiri mjukuu.

Je, ataifanya kazi hii hadi lini? Anafuta grisi kwenye viganja, anawatazama wenzake walioinama kwenye injini.

"Thika tulitoka wote, mmoja mmoja," anasema. "Safari hii nataka nitoke mimi tu, kwa uzee, na nyuma yangu nisikie bado nyundo zinagonga."