Koja la Mama Uyoga

Pale kiwandani Rayong, Pranom Saenthong aliitwa Mama Uyoga, na alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi. Mashine yake ilishukia pini za plastiki nyuma ya paneli ya mlango wa gari, ikaziyeyusha ncha na kuzibana, na kila pini ikaota kichwa kama uyoga kilichoshikilia kitambaa cha mlango.

Wengine walitazama taa za mashine. Pranom alisikiliza. Baada ya joto, hewa baridi hupuliza vichwa vigande kabla chuma cha moto cha mashine hakijapanda. Hewa ikipungua, plastiki hung'ang'ania chuma na kuvutika nyuzi, kama wali wa kunata wa kwao Isan uliopikwa ovyo. Kila paneli aliyoimaliza aliigonga muhuri wa namba saba, na kwa miaka kumi na tisa haikuwahi kurudi hata moja. Alijitapa kwa hilo bila haya, mdomo umejaa saladi ya papai.

Kisha zikarudi tatu kwa mpigo. Wenye magari walilalamika kwamba milango inagonga-gonga barabarani. Mteja akatuma habari kwamba Ijumaa mkaguzi wake angekuja mwenyewe. Meneja naye akasema kosa likiwa la mashine hiyo, Pranom atapelekwa kufunga maboksi na namba saba itafutwa.

Injinia Thanet, kijana mwenye moyo mzuri na haraka ya kuumaliza mkasa, aliandika ripoti kwamba chembe za plastiki za muuzaji mpya ndizo mbovu. Pranom alipumua. Lakini usiku hakulala vizuri, maana plastiki hiyohiyo ilitoa paneli nzuri siku nyingine zote.

Alhamisi alizichukua zile tatu na kusoma tarehe na saa. Zote zilitengenezwa Jumatatu asubuhi. Na kila Jumatatu, kabla ya kazi, yeye huitundikia mashine koja la asumini na kuunganisha viganja mbele yake kwa heshima, kama ilivyo desturi. Tangu mwezi wa tarehe hizo alikuwa akinunua makoja marefu zaidi, kwa heshima zaidi.

Alizunguka nyuma. Koja lilikuwa limening'inia juu ya wavu ambao mashine huvutia hewa ya kupoza. Sasa lilikuwa limenyauka na kusinyaa, lakini petali chache zilikuwa bado zimenasa. Likiwa bichi na bado na maji, lilikuwa limeuziba wavu wote, na hewa ikapungua kidogo kidogo hata sikio lake lisitambue. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hakukuwa na mtu wa kumwona. Angezifuta petali kwa kitambaa na ripoti ya Thanet ingemfunika vizuri. Aliona haya hata kabla hajafanya lolote, na hilo lilimkasirisha. Akaziacha palepale.

Ijumaa mkaguzi, mzee Prasong, alikuwa ameshafungua ripoti mezani Pranom aliposema, "Samahani, mzee. Si plastiki. Ni koja langu."

Meneja akafumba macho. Thanet akamnong'oneza, "Mama, nilishakuokoa. Mbona unajitumbukiza tena?"

"Umemwokoa Pranom, mwanangu. Namba saba hujaiokoa."

Akawapeleka nyuma ya mashine na kuwaonyesha petali. Mzee Prasong aliinama akachungulia. Mwishowe akamtaka atengeneze paneli moja mbele yake. Pranom akaondoa koja na petali zake, akabonyeza, akasikiliza mpaka mlio wa hewa ukamridhisha. Mzee akachomeka ndoano kwenye kitambaa na kuvuta kwa mikono miwili. Kitambaa kikachanika, lakini vichwa vya uyoga vilibaki pale vilivyokuwa, hata kimoja hakikutikisika.

"Wengine hunionyesha makosa ya wenzao," mzee alisema, akipangusa mikono. "Nitaandika kosa la wavu na dawa yake. Na huyu abaki hapahapa."

Jumatatu Thanet alipigilia msumari ubavuni mwa mashine, mbali na wavu, kwa ajili ya koja. Pranom alilitundika jipya, akaunganisha viganja mbele ya mashine, kisha akagonga saba kwenye paneli ya kwanza kwa kishindo kilichosikika kwenye mstari mzima wa mashine.

"Mama Uyoga, taratibu," mwenzake wa mashine ya pili akamwambia. "Utautoboa mlango wa watu."

"Jaribu kuutoboa wewe," Pranom akajibu, akaitia mkononi paneli ya pili.