Chungu cha Majani ya Nje

Mume wangu, Mbaraka, alinifundisha kufunga sigara kubwa za tumbaku mwaka tulipopata uhuru. Shida ya kazi hiyo ni jani la nje: likikauka linapasuka, likilowa sana linaoza. Kiangazi, upepo wa ziwa hapa kwetu Rumonge, Burundi, unalikausha kama dagaa. Kwa hiyo niliyalaza majani chunguni, juu ya kitambaa chenye unyevu, nikayafunika kwa jani la mgomba. Ncha niliibandika kwa uji mzito wa muhogo. Watu waliziita sigara za Mbaraka. Sikubisha, nyumba ilikuwa moja.

Mwaka wa sabini na mbili askari walimchukua Mbaraka barabarani, karibu na Magara. Hatukujua kama tumlilie au tumngoje. Ndugu yake, Kassimu, hakungoja. Alifunga chumba cha kazi, ambamo mimi na binti yangu Riziki tulilala, akatia ufunguo mfukoni.

“Tumbaku ni kazi ya wanaume. Nenda jikoni, Mama Riziki.”

Chungu aliniachia. Alidhani ni cha maharagwe.

Ikaja habari kwamba Lukeba, mfanyabiashara wa Uvira, Kongo, aliyenunua sigara zetu, angepita na lori. Kassimu akafunga sigara zake. Majani yakapasuka. Akafanya kama tunavyofanya hapa kwa kila kitu kikavu, kuanzia visigino: akayapaka mafuta ya mawese. Yakalainika, yakang’aa.

“Uji haushiki penye mafuta,” nilimwambia.

“Wivu huo.”

Lukeba akafika, akawasha moja. Hakuvuta mara mbili. Jani likajikunjua mpaka kidevuni.

“Kassimu! Sigara yako inavua nguo mbele za watu?”

Watu wakacheka. Kisha Lukeba akaacha kucheka. “Funga ingine hapa, nione. Isiposhika, nitanunua kwa watu wa Nyanza-Lac.”

Lukeba akienda, hata nikirudishiwa chumba, tungelala humo na njaa.

Kassimu akachukua jani kikapuni. Likapasuka. Lingine pia. Dereva akapiga honi. Kassimu akatazama chungu kilichokuwa kati ya miguu yangu.

“Shemeji, nipe jani.”

Tangu Mbaraka achukuliwe hakuwa ameniita shemeji. Nikaweka mkono juu ya kifuniko.

“Ufunguo.”

“Mbele za watu?”

“Mbele za watu.”

“Mugombane kesho,” Lukeba akasema. “Mbele iko askari, na mimi sitaki kufika giza.”

Kassimu akautupa ufunguo mchangani.

“Niokotee,” nikasema.

Akainama.

Nikafunua chungu. Jani likatoka laini kama ngozi ya sikio. Nikafunga, nikabandika, nikampa Lukeba. Akavuta, akaigeuza, akavuta tena. Haikufunguka.

“Haya, sigara za Mbaraka zimerudi!”

Mbaraka mwenyewe hakurudi.

“Ni zangu mimi, Kabibi,” nikamwambia, nikaenda kufungua mlango wangu.