Kamera Iliyonikuta Banda la Gemu

Nilipostaafu ualimu mkuu kule Kilolo, nilihamia Mbalizi kwa binti yangu, na raha ya kwanza niliyoipata ni kwamba hakuna aliyenijua. Kilolo hata nikinunua nyanya, muuzaji alisimama wima kama yuko mstarini shuleni. Mbalizi nilikuwa bibi tu kama mabibi wengine.

Ndivyo nilivyoingia banda la gemu. Nilikuwa najikinga mvua, nikakuta vijana wanacheza mpira kwenye runinga, nikauliza kitufe cha kupiga shuti ni kipi. Basi, nikanasa. Mwenye banda, mama anayesomesha watoto wake kwa banda lile, akawa ananiwekea kiti karibu na mlango. Mpinzani wangu alikuwa fundi pikipiki, kijana mwenye mdomo mchafu kuliko mikono yake. "Mwanangu, leo unakula tano!" ananiambia mimi, mtu mwenye wajukuu. Na kweli nazila. Nilikuwa nikirudi nyumbani nacheka peke yangu njiani.

Watu wanasema gemu zinapumbaza. Aa wapi! Wanaosema hivyo hawajawahi kulinda bao moja dakika za mwisho, kidole gumba kimekufa ganzi. Mimi nimekaa kwenye vikao vya kamati za shule, kinachopumbaza nakijua.

Sasa kitongoji kikafunga kamera juu ya nguzo, mbele ya banda letu. Usalama, tukaambiwa. Sikatai, wezi wapo. Lakini skrini ilifungiwa ofisini kwa mwenyekiti, na ukiuliza kinachoonekana unaambiwa ni siri ya serikali. Hapo ndipo ninapowaka. Yaani mimi nionekane hata nikijikuna, halafu anayenitazama nisimwone? Serikali inayotaka kuniona, nayo itoke nje niione. Huo ndio msimamo wangu na sijaubadilisha mpaka leo.

Ukafika mkutano wa hadhara. Mwenyekiti akasimama, akasema kamera imeonesha kwamba banda la gemu ni maficho ya wanafunzi watoro, kwa hiyo lifungwe. Mama mwenye banda akaanza kulia palepale, kanga mdomoni.

"Mwenyekiti, tuoneshe hao watoro," nikasema.

"Mama, hizo ni picha za kiusalama."

"Si usalama wetu? Lete tuone."

Watu wakadakia: "Lete! Lete!" Skrini ikatolewa hadi barazani, waya umepitishwa dirishani.

Tukatazama. Mtoro hakuonekana. Akaingia fundi wangu. Akaingia muuza mchele wa Rujewa, mtu mzima na kitambi chake. Pembeni mwa picha ukaonekana mlango wa ofisi yenyewe, umefungwa, saa nne asubuhi, na wananchi wamekaa kwenye ngazi wanapiga miayo. Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akataka kuzima, wakamkatalia. Kisha akatokea bibi mmoja mwenye sweta jekundu. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto kama mwizi wa kuku, akazama bandani.

"Mnaona?" Mwenyekiti akapata nguvu. "Huyu ni nani? Anafuata nini kwa vijana? Hawa ndio wanaowauzia bangi!"

Binti yangu, aliyekuwa kando yangu, akajifunika uso. Ningeweza kunyamaza, sura haikuonekana vizuri. Lakini ningenyamaza, banda lingefungwa kwa sababu yangu, na yule mama angekwenda kulia wapi? Nikasimama, nikatoa sauti niliyokuwa sijaitumia tangu nistaafu.

"Huyo ni mimi. Nimekuwa mwalimu mkuu miaka na miaka. Mtoro namjua hata akijificha nyuma ya choo, na mle bandani sijamwona hata mmoja. Kaa chini, mwenyekiti."

Akakaa. Weee, akakaa kweli! Banda likapona, na ikaamuliwa skrini ibaki barazani, kila anayetaka aitazame. Binti yangu hakunisemesha mpaka tulipofika nyumbani, kisha akacheka hadi akashika ukuta.

Kesho yake nikaenda bandani kifua mbele. Nilipoingia, wote wakasimama.

"Shikamoo, mwalimu!"

Fundi akapangusa kiti kwa kitambaa, akanipa pedi ya kuchezea kwa mikono miwili. Nikafunga bao la kwanza. Nikafunga la pili. Kabla ya la tatu, akamtoa kipa wake langoni bila sababu yoyote, mpira ukatambaa wenyewe hadi wavuni.

"Wewe! Cheza bwana! Nifunge!"

"Nacheza, mwalimu."

"Basi hata nitukane!"

Akainamisha kichwa. Hata wa runinga ya pili walikuwa wamepunguza sauti.

"Siwezi, mwalimu," akasema kwa adabu, na akaniachia mpira tena.