Kufuata Damu ya Kuchi hadi Kitui

Nilitoka Nairobi kwa sababu ya jogoo mmoja. Maabara yetu inatafuta asili ya kuchi, wale kuku warefu wa kupigana, na tulikosa damu ya walioishi bara kwa vizazi. Mzee Salim wa Kitui, ambaye babu yake alitoka Lamu na kuku hao, alikuwa amebakiza jogoo mmoja tu. Nilimpigia simu nikaahidi kufika mchana.

Asubuhi, Sultan Hamud, nilipitia kwa Mutuku, mfugaji aliyeniunganisha na mzee. Alikuwa na tetea wa kuchi aliyemtunza ampelekee jogoo huyo, wapate vifaranga.

"Na umemwambia unakuja?" akaniuliza.

"Ndiyo, nafika lunch."

Akashika kichwa. "Aii! Madam, umeharibu. Kuku zake zingine zote zilimalizwa na ugonjwa wa kideri. Na huyo mzee hawezi kupea mgeni mboga."

Kwanza nilicheka. Kisha nikaelewa: angenichinjia jogoo yule yule. Tulipiga simu ya mzee tena na tena, imezimwa.

Nilipopita Mukuyuni sikusimama hata kununua maji. Niliendesha pikapu nimekaza meno. Kila moshi wa jiko niliouona kando ya barabara ulinitia hofu. Nilimwomba Mungu kisu kiwe butu, mke agome, kuni ziwe mbichi.

Kitui, uani kwa mzee, niliona manyoya marefu mekundu kando ya beseni.

"Karibu, mwanangu," Mzee Salim akasema, uso umemjaa furaha. "Umetoka mbali. Keti, chakula tayari."

"Mzee, yule jogoo..."

"Sasa ningekupea nini? Maharagwe?"

Aliniwekea firigisi, kipande cha mgeni wa heshima. Nilikula nikiogopa kulia mbele yake. Kisha nikaomba manyoya yenye damu.

Nilirudi Nairobi usiku huo huo, na tangu siku hiyo sitangazi siku ya kufika kwa mtu.

Majibu ya maabara yalipotoka, yalionyesha kwamba jamaa wa karibu wa jogoo yule wako Asia ya mbali. Nilimpigia Mzee Salim kumweleza.

"Kumbe alivuka bahari," akasema. "Basi wewe unayejua kwao, nenda ukaniletee mwingine."